Kabla ya Kugusa Waya

Pikipiki iliyokufa kabisa haimsumbui sana fundi wa umeme. Ukizungusha ufunguo na hakuna taa hata moja, unaanza kwenye betri na kufuata waya hadi pale umeme ulipokomea. Hitilafu imekaa palepale, haiendi popote. Kinachompima fundi ni pikipiki ya safari ndefu inayozima kilomita 80 baada ya kuondoka, juani, ikiwa imebeba masanduku matatu, halafu inawaka tena baada ya muda na kufika gereji ikiwa haina tatizo lolote. Mwenye nayo anashuka akiapa kwamba ilimzimikia njiani. Fundi anaiwasha mara kumi, inawaka mara kumi.

Hapo ndipo mafundi wengi huharibu kazi, tena kwa bidii. Wanang'oa kiti, wananyanyua tanki, wanachomoa kila soketi, wanapuliza, wanapaka grisi, wanarudishia. Pikipiki inawaka, na ilikuwa inawaka tangu mwanzo. Pengine kule kuchomoa na kuchomeka kumekwangua uchafu kwenye pini moja, kwa hiyo tatizo linatulia kwa muda, kisha linarudi mteja akiwa mbali na gereji yoyote. Safari hiyo hakuna tena anayeweza kusema lilikuwa kwenye soketi ipi, maana zote zimeshaguswa. Fundi ninayemvulia kofia ni yule anayeweza kukaa mbele ya pikipiki ya namna hiyo, mikono yake imetulia, akauliza maswali kwanza.

Nilimwona mmoja Arusha, kwenye gereji ya uani ambako siku nyingi zinapita kwa kutengeneza bodaboda. Msafiri alikuwa ametoka Nakuru kwa pikipiki kubwa ya silinda mbili, anaelekea Mbeya na kuvuka hadi Malawi. Kati ya Namanga na Arusha, mwendo wa kilomita mia moja na kitu, ilikuwa imemzimikia zaidi ya mara moja. Salamu zilipokwisha na chai ikawekwa, fundi aliuliza akiwa bado amekaa kwenye kigoda.

"Ikizima, taa za dashibodi zinabaki?"

"Hazibaki, mzee. Zote zinazima, hata ile ya nyutro."

"Na zikirudi, saa ya dashibodi inasoma vipi?"

Msafiri alifikiri kidogo. "Iko sawa tu. Sijawahi kuirekebisha."

Fundi akamgeukia kijana wake, ambaye alikuwa ameshafungua kiti na spana iko kwenye kichwa cha betri. "Betri iache. Rudishia kiti."

Nilihitaji kuelezwa, na naona fahari kuieleza hapa kwa sababu ni hoja safi. Kwenye pikipiki ile, saa inapata umeme kwa waya usiopita kwenye swichi ya ufunguo. Ndiyo sababu inaendelea kutembea hata pikipiki ikilala usiku kucha. Kama kichwa cha betri kingekuwa kimelegea, au fyuzi kuu ingekuwa haishiki vizuri, saa nayo ingekatika na kuanza upya. Haikuanza upya, ingawa pikipiki ilikaa imezima muda mrefu. Basi betri, vichwa vyake na fyuzi kuu havina kosa, na kinachotafutwa kiko mbele ya pale njia mbili zinapoachana: kuanzia waya unaopanda kwenye swichi ya ufunguo na kuendelea. Swali moja, na karibu nusu ya wayaringi imeondoka kwenye orodha ya washukiwa bila bolti kufunguliwa.

Angejibiwa kwamba injini inazima huku taa zikibaki, angeshika njia nyingine. Angeuliza mshale wa mzunguko wa injini unaanguka vipi pikipiki ikiwa bado inabiringika kwenye gia. Kwenye pikipiki nyingi, mshale ukidondoka ghafla hadi sifuri wakati injini bado inazungushwa na tairi, ni cheche au sensa inayoziongoza iliyokatika. Ukishuka polepole pamoja na mwendo, cheche zipo, na mafuta ndiyo yanayohojiwa: pampu, rilei yake, chujio, hata mfuniko wa tanki ulioziba tundu la hewa. Angeuliza pia juu ya stendi ya pembeni. Swichi yake imekaa chini kabisa, inapokea matope na mawe, na kazi yake ni kuzima injini ikidhani stendi imeshuka nawe umetia gia. Kishindo cha shimo kinatosha kuidanganya.

Maswali yaliendelea. La pili kwa uzuri, kwangu mimi, lilikuwa hili:

"Ukishasimama, unafanya nini mpaka iwake?"

"Naiacha ipoe."

"Nieleze yote, usiruke kitu. Umesimama pembeni. Halafu?"

"Nashuka, naweka stendi. Nafunga usukani, nachomoa ufunguo, nakunywa maji. Nikirudi nafungua usukani, inawaka."

"Ulishawahi kuiacha ipoe bila kufunga usukani?"

Hakuwahi. Safari nzima alikuwa ameamini kwamba kupoa ndiko kunakoiponya, na alikuwa ameanza kuhofia stata, ile koili inayozalisha umeme, na kompyuta ya injini, vitu vya bei ya kutisha. Kumbe kila alipopumzika alikuwa pia anazungusha usukani hadi mwisho na kuurudisha. Fundi hakusema jibu ni lipi. Aliuliza tu taa mbili za nyongeza zilizofungwa mbele zilikuwa zinawaka wakati gani. Zilikuwa zinawaka tangu Namanga, kwa sababu ya malori.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini maswali yalielekea shingoni mwa pikipiki, aitazame kwa karibu. Mkungu wote wa nyaya unaotoka nyuma unapita chini ya tanki, unafika kwenye shingo ya fremu, na hapo sehemu yake inapaswa kupinda kila usukani unapogeuka. Mjini usukani unageuka mamia ya mara kwa siku. Shaba haipendi kupindwa mahali pamoja. Inakuwa ngumu, kisha inakatika uzi mmoja mmoja ndani ya ganda lake la plastiki. Ganda linabaki zima. Ukilitazama huoni kitu. Nyuzi zilizokatika zinagusana pikipiki ikiwa imekaa hivi, zinaachana ikikaa vile, na chache zilizobaki zinabeba mzigo wa zote, zinapata moto, zinatanuka.

Soketi nazo zina ugonjwa wao. Pini nyingi zimepakwa bati jembamba. Injini inapotetemeka, pini na tundu lake vinasuguana kwa umbali mdogo mno usioonekana, bati linachubuka, vumbi lake linashika oksijeni na kuwa utando mweusi usiopitisha umeme vizuri. Siku moja utando unazidi. Ukichomoa soketi hiyo na kuirudisha, pini inajifuta yenyewe na kila kitu kinakuwa kizuri, na ndiyo maana kuchomoa ovyo kunafuta ushahidi. Pwani, chumvi ya hewani inaongeza kutu ya kijani. Kwenye pikipiki nyingi za Japani kuna pia ile soketi ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye stata kwenda kwenye regulata. Inapitisha umeme mkali muda wote wa safari, na fundi mzoefu huitazama mapema, akitafuta plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia.

Kila mtindo una udhaifu wake, na mafundi wa kazi hii huubeba kichwani. Aliyezoea Honda XRV750 Africa Twin, iliyouzwa tangu 1990 hadi 2003, anajua pampu yake ya mafuta ina kontakti ndogo zinazochakaa, na anasikiliza kama mlio wake wa kugonga upo. Aliyezoea BMW R1100 za miaka ya 1990 akisikia injini ilizima kwenye mvua na kupona ilipokauka, anafikiria sensa iliyofichwa mbele ya injini, ambayo maganda ya nyaya zake hupasuka kwa joto na umri. Kumbukumbu hiyo ni mali. Lakini niliona fundi wa Arusha akiitumia kwa tahadhari: ilimwambia aulize nini, haikumwambia afungue nini.

Maswali yalipokwisha, alitoa balbu tatu ndogo za dashibodi, za wati 3 kila moja, zenye nyaya ndefu. Alizichomeka kwa nyuma ya soketi. Pini nyembamba iliteleza kando ya waya hadi ikagusa chuma ndani, na soketi zenyewe hazikuchomolewa wala kutikiswa; kijana aliyetaka kuisogeza moja ili mkono uingie vizuri alizuiwa kwa jicho tu. Balbu ya kwanza ilionja umeme unaopanda kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Ya pili ilionja umeme unaorudi kutoka kwenye swichi hiyo. Ya tatu ilikaa mbele zaidi, kwenye kisanduku cha fyuzi. Nyaya za zote tatu zilipitishwa pembeni ya tanki, na balbu zikabandikwa kwa tepu nyeusi nyuma ya kioo cha upepo, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wa njia ya umeme.

"Nenda barabara uliyokuja nayo," alimwambia msafiri. "Washa taa zote. Ikizima usiguse kitu, usigeuze usukani. Tazama ipi imebaki, ndipo usogee pembeni taratibu."

Ndiyo kazi yenyewe hii, na naiona nzuri kuliko mashine nyingi za kupimia. Balbu tatu zinaigawa njia vipande, na hitilafu ikitokea inalazimika kutaja kipande chake. Haijalishi kama itatokea baada ya dakika kumi au jioni. Fundi hakuihitaji itokee mbele yake. Aliacha mashahidi mahali itakapotokea. Msafiri alirudi mchana umekwenda, jasho limemlowa, akiwa na jibu. Balbu ya kwanza ilibaki inawaka. Mbili za mwisho zilizima pamoja.

Kwa hiyo umeme ulikuwa unapanda kwenye shingo na haurudi. Kilichobaki ni swichi ya ufunguo na kipande kifupi cha nyaya zake, urefu wa kiganja na nusu.

Mita ilitoka sasa, baada ya yote hayo. Nataka nikae kidogo kwenye namna alivyoitumia, kwa kuwa hapa ndipo ujuzi nusu unapodanganyika. Mita ya kisasa ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi, maana yake inaonja umeme kidogo mno. Waya wenye nyuzi thelathini zilizokatika ukabaki uzi mmoja utaonyesha volti 12.6 kamili kwenye mita, sawa na waya mzima. Ni daraja la magogo: mbuzi anapita juu yake bila shida, na kutoka hapo huwezi kusema lolote kuhusu lori. Ukipima ukinzani, hali ni ileile. Kasoro ya omu 0.1 inapotelea ndani ya ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Lakini ipitishe ampea 10 kwenye omu hiyo 0.1, na kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 unapoteza volti nzima, na wati 10 za joto zinazaliwa mahali padogo kuliko punje ya mchele.

Kwa hiyo hakupima volti za betri wala omu za waya. Aliwasha taa zote, akaweka ncha moja ya mita kwenye waya unaopanda na nyingine kwenye waya unaorudi, akapima kinachopotea katikati. Njia nzima yenye afya ingepoteza sehemu ndogo tu ya volti, 0.1 au 0.2. Usukani ukiwa umenyooka, mita ilisoma 0.6. Akaanza kuugeuza kushoto, polepole sana, jicho kwenye mita. Ikapanda hadi 0.9. Ikatulia. Karibu na mwisho wa kona ikaruka hadi 4 na taa zikafifia. Akarudisha usukani, akageuza tena, na ikaruka kwenye pembe ileile. Akafanya mara ya tatu, safari hii amembana kijana wake mkono ili auone mshtuko wa taa na tarakimu kwa wakati mmoja.

Sasa hitilafu ilikuwa inakuja ikiitwa. Tangu asubuhi ilikuwa inajiamulia, na kuanzia hapo ilikuwa chini ya amri yake.

Ndipo akagusa nyaya kwa mara ya kwanza. Alikata tepu ya mkungu mdogo kwenye shingo, akaushika kila waya kwa kidole gumba na cha shahada, akauvuta na kuupinda kidogo kidogo, sentimita baada ya sentimita. Waya mzima una ukaidi wake, unataka kurudi ulivyokuwa. Ule mwekundu, mahali pamoja, ulikunjika bila ubishi. Alinipa niushike, na kweli ulikuwa mpira mtupu kwa upana wa ukucha. Alipopasua ganda, nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika, ncha zake nyeusi, na chache zilizobaki zilikuwa zimebadilika rangi kwa moto.

Fundi wa kawaida angeunga hapo na kumaliza. Huyu alimuuliza msafiri nani alifunga taa za nyongeza, akafuata waya wake. Zilikuwa za wati 55 kila moja, jumla 110, yaani karibu ampea 9, na aliyezifunga alikuwa amechukua umeme kutoka kwenye waya unaotoka swichi ya ufunguo. Mzigo huo wote ulikuwa unapanda shingoni na kurudi, juu ya taa kubwa na vitu vingine. Waya uliokwisha kuchoka kwa kupindwa ulikuwa umeongezewa kazi usiyoumbiwa.

Alikata sehemu mbovu mbali, pande zote mbili, akaweka waya mpya wa unene uleule. Maungio aliyaweka nje ya mahali panapopinda, na hakuyapanga pamoja. Alitumia viungio vya shaba vya kubana kwa koleo, kisha mrija wa plastiki wenye gundi unaojibana ukipashwa moto. Risasi hakuitumia, kwa sababu inapoyeyuka inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya utakapokatika safari ijayo. Aliacha mkunjo mpana ili usukani ugeuke bila kuuvuta. Waya unaorudi haukuwa na kasoro iliyopimika, ila umebeba mzigo uleule na kupinda mahali palepale kwa miaka ileile. Aliubadilisha nao. Taa za nyongeza alizipa rilei, waya wake kutoka betri na fyuzi yake ya ampea 15. Swichi ya ufunguo sasa inaamrisha rilei kwa chini ya robo ampea.

Akarudia kipimo. Usukani ukaenda kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, taa zote zikiwaka, na mita ikabaki 0.1 njia nzima. Kwake huo ndio ushahidi wa kupona: kitendo kilekile kilichoiita hitilafu mara tatu, kikirudiwa, hakiiti tena. Mtu ambaye hakuwahi kuiita hawezi kujua kama ameiondoa. Hata hivyo hakuzing'oa balbu kwenye kioo. Alimtuma msafiri barabarani tena, jua likiwa bado kali.

Nimesikia watu wakisema ufundi huu unakwisha kwa sababu pikipiki mpya zina kompyuta inayojieleza. Sikubaliani nao. BMW ilipotoa R1200GS mwaka 2004, iliacha fyuzi za kawaida na kuweka mtandao wa CAN, ule ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986, ambamo swichi haipitishi tena umeme wa taa bali inatuma ujumbe kwa nyaya mbili zilizosokotwa. Unaunganisha kifaa, unasoma orodha ya makosa. Lakini namba ya kosa inataja aliyeumia. Volti zikishuka kwa sababu ya kichwa cha betri kilicholegea, breki za ABS zinalalamika, injini inalalamika, dashibodi inalalamika, na asiyeuliza maswali ataanza kununua spea za wote. Nyaya zile mbili zenyewe kwa kawaida zina kizuizi cha omu 120 kila mwisho, na ukipima kati yake umeme ukiwa umezimwa unapaswa kupata 60. Ukipata 120, upande mmoja umeachia. Huyo bado ni fundi na mita yake, na waya unaopinda shingoni bado ni shaba.

Msafiri aliporudi jioni, balbu zote tatu zilikuwa zimewaka safari nzima. Bili iliandikwa kwenye daftari la mistari: nyaya, viungio, rilei na fyuzi kwa bei ndogo, na chini yake muda wa kutafuta, kwa bei iliyozidi vyote hivyo kwa pamoja. Wateja wengi hubishana hapo. Waya wa urefu wa kiganja na nusu, wanauliza, ndio pesa zote hizi? Fundi alikuwa ameuweka ule waya mwekundu kando ya daftari. Msafiri aliupinda mara moja, akalipa bila kupunguza, akaomba aandikiwe rangi ya waya mpya na mahali maungio yalipo, kwa ajili ya fundi atakayemkuta mbele ya safari.